Sasisho la usalama limenifungia kompyuta yangu mwenyewe ya Windows, leo siku ya nne!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo nasema.

Jumatatu usiku nilikuwa namalizia ripoti. Ukaja ujumbe pembeni mwa skrini: sasisho la usalama liko tayari, washa upya. Nikabonyeza "baadaye". Ukarudi, nikabonyeza tena. Nikainuka dakika kumi tu, kurudi nakuta mashine imeshajizima na kuanza kuhesabu asilimia. Ikafika 35 ikaganda zaidi ya saa nzima. Kurasa ambazo sikuwa nimezihifadhi, kwaheri.

Kama yangeishia hapo ningenyamaza. Ilipowaka haikuniomba nenosiri. Ikaleta skrini ya bluu: weka ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ufunguo gani jamani? Sijawahi kuweka ufunguo wowote! Nilidhani nimevamiwa na virusi vile vya kudai fidia, vinavyokufungia mafaili mpaka ulipe, moyo ukanienda mbio.

Kumbe diski ilisimbwa, yaani ilifungwa isisomeke bila ufunguo, kimyakimya siku ileile ya kwanza nilipoingia kwa akaunti ya barua pepe, na ufunguo ukawekwa kwenye akaunti hiyo mtandaoni. Nimeupata kwa simu baada ya saa tatu za kuhangaika. Sasa fikirieni mtu aliyetumia anwani ya kazi ya zamani ambayo imeshafungwa. Huyo picha za wanawe na kazi zake zote zimekwenda, na hakuna fundi atakayezitoa.

Nimechimba mpaka nikaelewa. Ndani ya mashine kuna chipu ya usalama inayopima programu zinazoiwasha. Sasisho likigusa kitu hapo, vipimo havilingani na vya jana, chipu inagoma kutoa ufunguo. Chipu siilaumu, hiyo ndiyo kazi yake. Nawalaumu waliotuma sasisho wakijua fika wanagusa nini! Ilitosha ulinzi wa diski usitishwe kwa muda kabla ya kuwasha upya, kisha urudishwe. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo baada ya kuandika zile tarakimu mara mbili, na mashine ikaacha kuniuliza.

Halafu printa ikagoma. Nikafuta draiva, ile programu inayoiendesha printa, nikaiweka upya, wapi. Nikaliondoa sasisho lenyewe kupitia menyu ya urejeshaji, printa ikachapa papo hapo. Asubuhi nakuta sasisho limejirudisha usiku, printa kimya, na skrini ya bluu inanisubiri na tarakimu zake 48.

Na tafadhali asije mtu hapa kuniambia nizime masasisho. WannaCry, virusi vya kudai fidia, ilipolipuka Mei 2017, kiraka cha kuizuia, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama, kilikuwa kimetolewa tangu Machi, walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Lakini tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, tena kampuni ya usalama, liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5, ndege zikakwama na hospitali zikaahirisha huduma. Anayesasisha analia, asiyesasisha analia. Sisi twende wapi?

Ninachodai si kikubwa. Kiraka cha usalama kije peke yake, kisichanganywe na mabadiliko ya draiva na mapambo ambayo hakuna aliyeyaomba. Nikisema "baadaye" iwe baadaye. Na kabla mashine haijazimwa, niambiwe kwa maneno yanayoeleweka: utaombwa ufunguo, uko mahali fulani, uandike sasa.

Ambaye hajakumbwa, ingia kwenye akaunti yako leo, uunakili ufunguo huo kwenye karatasi, wala usiuhifadhi ndani ya mashine hiyohiyo. Ambaye printa yake imegoma baada ya sasisho la wiki hii, weka hapa aina ya printa na toleo la draiva. Nimeshaandika kwa watengenezaji mara mbili, nimejibiwa nizime niwashe. Nataka barua ya tatu iende na orodha yetu sote.