Mbwa wangu amefukua bustani ya jirani, pesa amekataa. Nifanyeje?

Wakuu, salaam. Nipo Isyesye hapa Mbeya. Nina mbwa dume wa miaka 4, tunamwita Bosi. Uzio wangu ni wa mabanzi, na kwa nyuma napakana na mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye bustani yake ndiyo inatulisha mboga nusu ya mtaa. Ana chainizi, figili, karoti, na kimstari cha vitunguu saumu anachokipenda kuliko sisi majirani zake.

Jumamosi usiku nilimfungulia mbwa alinde, kama siku zote. Asubuhi naitwa. Matuta matatu ya karoti yamefukuliwa, udongo umetupwa hadi njiani, na karoti zenyewe, bado ukubwa wa kidole, zimelala juu zimenyauka. Pa kupitia panaonekana: kachimba chini ya banzi, kaacha na manyoya. Kukana siwezi.

Nikampa pole na elfu 20. Hakuigusa. Akaniambia, "Hiyo nikiifukia itaota?" Jioni yake mbwa akarudi kulekule. Mjukuu wa yule mama akamfukuza kwa fimbo, akakwaruzwa kidogo mguuni, si jambo kubwa, wakampaka spiriti. Sasa mama haitikii salamu, na kamwambia mke wangu kwamba mara ya tatu yeye hatapiga kelele, atajua cha kufanya. Tunajua ni sumu.

Nisaidieni. Uzio tuliuweka kwa kuchangia, na banzi lililooza lipo upande wake. Gharama ni ya nani? Niwahi kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hajaenda yeye? Au nimgawe tu huyu mbwa? Nawasilisha.

Mzee wa Uyole
Kwa mwenyekiti uwahi kushtaki nini, kwamba karoti zilimchokoza mbwa wako? Tulia kwanza.

Habari ya banzi bovu achana nayo. Uzio ni wa kuchangia, mbwa si wa kuchangia. Wewe ndiye uliyemleta, wewe ndiye unayemfungulia. Halafu hili la "alinde" huwa linanichekesha. Mbwa anayelinda yuko ndani ya uwanja wako. Akishatoka anatembea tu kama vijana wengine.

Mama Kabichi
Mimi ni mwenye bustani, niko Tukuyu, na nitamsemea huyo mama. Elfu 20 ni ya karoti. Je, miezi miwili ya kumwagilia kwa ndoo, asubuhi ya baridi ya Julai? Kupalilia kwa mgongo wa uzee? Ukimkabidhi noti papo hapo ni kama unamwambia "chukua, tumalizane". Angalau ungeshika jembe ukayanyanyua yale matuta kabla ya kutaja hela.

Kamwene
Naandika kutoka Iringa. Watani, mbwa ametajwa na Mhehe kaingia, najua utani wenu wa kula mbwa. Nyamazeni, watu wana shida hapa.

Bwana Mifugo
Mleta mada, mnabishana karoti na mabanzi wakati jambo zito umelipitisha kwa mstari mmoja. Mtoto amekwaruzwa Jumapili, leo Jumatano. Mbwa amechanjwa kichaa? Lini? Kadi iko wapi?

Mleta mada
Mkuu, alichanjwa akiwa mdogo. Kadi ipo, ila huu mwaka wa pili sijarudia. Lakini ni mzima kabisa, anakula, na mkwaruzo ni mdogo mno.

Bwana Mifugo
Basi funga simu uende kwa jirani sasa hivi. Kichaa cha mbwa hakipimwi kwa ukubwa wa kidonda. Mate yakigusa ngozi iliyochubuka inatosha, na mbwa analamba makucha yake kutwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa, ni kuzika. Duniani wanakufa karibu watu 59,000 kwa mwaka, karibu wote kwa mbwa, na watoto ni wengi kati yao.

Lilipotokea ilitakiwa mguu uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ndipo hiyo spiriti. Hata sasa waoshe, kisha mtoto aende hospitali leo. Daktari ndiye ataamua habari ya sindano, si wewe wala mimi. Zinarudiwa kwa tarehe, msiruke hata moja. Gharama ni yako yote, nauli ikiwemo.

Mbwa usimuue na usimgawe. Mfunge mahali salama, mwangalie siku 10 tangu Jumapili. Akibadilika, akawa mkali bila sababu, akashindwa kumeza, akadondosha mate, usimguse, mwite mtu wa mifugo wa kata. Ukimgawa leo, utajuaje kilichompata?

Mpangaji wa Forest
Nimesoma hapo juu hadi nimemfunga paka wangu.

Mama Kabichi
Paka nao tuwataje! Wanajisaidia kwenye udongo laini niliopanda mbegu juzi. Mimi natandaza matawi ya miiba juu ya tuta mpaka miche ishike, paka hapendi kukanyaga. Ila kwa nini miiba nitafute mimi?

Mzee wa Uyole
Kuhusu sumu, huyo mama mwambieni kwa upole. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na hiyohiyo inamtaka mwenye mnyama amtunze, kwa hiyo kila mtu ana lake. Lakini sheria weka kando. Nyama ya sumu haichagui. Anaweza kuiokota kuku wake, au huyohuyo mjukuu.

Na muulize kama aliweka mbolea ya kuku au vichwa vya dagaa kwenye yale matuta. Mbwa hana haja na karoti, anafuata harufu. Simaanishi ni kosa lake, shamba ni lake, aweke atakacho. Ni ili ujue kwa nini anarudi palepale.

Bwana Mifugo
Na dume la miaka 4 likinusa jike lenye joto mtaa wa tatu, banzi si kitu. Mhasi. Pia chimba mtaro mfupi chini ya uzio, zika wavu wa kuku au panga mawe, ndipo urudishe udongo.

Mleta mada
Mrejesho, wakuu. Niliona aibu kuandika mapema.

Jumatano ileile nilienda. Mama alifungua mlango nusu. Nilivyotaja mguu wa mtoto tu, akaufungua wote. Tulikwenda hospitali watatu, mtoto katikati. Kachomwa ya kwanza, tarehe nyingine zimeandikwa kwenye karatasi, nimeibandika kwangu ukutani na yeye kwake. Bosi kafungwa, leo siku ya 11, anakula na anabweka hovyo kama zamani. Bwana mifugo wa kata amekuja kumwona, chanjo amepata, kuhasiwa ni wiki ijayo.

Jana nimeshusha mabanzi mapya na mawe. Matuta nimenyanyua mwenyewe, mama kasimama na kikombe cha chai akinisahihisha, eti nalima kama mtu wa mjini. Mbolea ilikuwa ya kuku, Mzee wa Uyole uligonga palepale.

Elfu 20 bado hajaichukua. Ila nilipomaliza alizunguka hadi upande wangu, akalitikisa geti, akaniuliza, "Hili usiku unalifunga na nini?"

Nikamwambia kamba.

"Nunua komeo."