Kiti cha kudumu cha Afrika Baraza la Usalama: kiwe cha nani?

Wakuu, salaam. Kuna hoja naisikia kila mahali: Afrika ipewe viti viwili vya kudumu kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, vyenye kura ya turufu (nchi moja ikikataa, azimio limekufa), kama Umoja wa Afrika (AU) ulivyodai kwenye msimamo wa Ezulwini mwaka 2005, mengine tutayamaliza wenyewe nyumbani. Mimi hayo "mengine" ndiyo yananikosesha usingizi.

Kumbukeni Juni 2020. Kenya na Djibouti ziligombea kiti kimoja cha miaka miwili, ingawa AU ilishaipitisha Kenya mwaka uliotangulia. Djibouti ikagoma, ikasema Kenya imeshakaa mara mbili, sasa ni zamu yake. Corona ilikuwa imepamba moto. Wajumbe New York wakawa wanaingia ukumbini kwa mafungu, barakoa usoni, mtu anatumbukiza karatasi yake anaondoka. Siku ya kwanza Kenya 113, Djibouti 78, hakuna aliyefikisha theluthi mbili. Kesho yake Kenya ikapata 129. Kilichotakiwa ni 128. Wamevutana hivyo kwa kiti cha miaka miwili, cha milele itakuwaje? Nigeria, Misri na Afrika Kusini, nani atamwachia mwenzake?

Nasema kiti kiwe cha bara, nchi zipokezane. Baraza letu la Amani na Usalama pale Addis Ababa lina wajumbe 15, watano wa miaka mitatu na kumi wa miaka miwili. Hakuna wa kudumu, hakuna mwenye turufu.

Jibu: Mkuu, napingana nawe. Ibara ya 23 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inataja nchi kwa majina. AU si nchi. Halafu mjumbe wa kupokezana akishaanza kuzoea kazi, muda wake umekwisha, na wale watano wa kudumu wa Umoja wa Mataifa (Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China) wapo palepale. Hata huko Addis, Nigeria haijatoka barazani tangu 2004. Huo si udumu?

Mleta mada: Nigeria hurudi kuomba kura kila muhula ukiisha, ndugu yangu. Hicho ndicho ninachokitetea. Marekani mwaka 2024 ilikubali viti viwili, bila turufu, na sisi tukaanza kubishania turufu. Lakini Ibara ya 108 inataka wakubwa wote watano waridhie badiliko lolote. Tukishamweka mtu pale, hatumtoi tena. Wewe uko tayari kumpa jirani yako kiti ambacho hutaweza kumnyang'anya?