Naombeni ushauri: jabali la pwani, matabaka ya juu yamelala, ya chini yamesimama

Kijiwe_Changu (mleta mada)
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri ila msinitukane. Kuna jabali limetazama bahari, juu lina matabaka mekundu kama mikeka iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, halafu chini yake yapo ya kijivu yamesimama wima kama vitabu kwenye rafu. Yapi ya zamani zaidi? Na mtu akitaka kulisoma jabali la hivi anaanzia wapi? Nilifika Jumamosi iliyopita saa sita mchana maji yamekupwa kabisa nikatembea chini yake raha mustarehe, Jumamosi hii narudi muda uleule. Usingizi sipati wakuu.

Mzee_wa_Tabaka
Hongera mkuu, watu wanasafiri mbali kuona kitu hicho. James Hutton, yule mwanajiolojia, alikiona mwaka 1788 pale Siccar Point, Scotland, alienda kwa mashua. Ya kijivu ndiyo ya zamani, yalikuwa tope la bahari likawa jiwe, likakunjwa na kusimamishwa, likalika mpaka likawa bapa, ndipo mchanga mwekundu ukaja kulala juu yake. Anzia kwenye ule mstari yanapokutana. Pale kwa Hutton ukiweka kidole kwenye mstari umefunika miaka zaidi ya milioni 50 ambayo haina jiwe.

Dada_Kokoto
Somo zuri mzee ila tangu lini mtu akakosa usingizi kwa sababu ya mawe? Mleta mada kuna kitu umekificha, tapika.

Bwana_Kobe
Mimi niliwahi kubeba jiwe la kilo kama saba nikijua ni yai la dinosauria, mgongo uliniuma wiki nzima, kulipasua ndani kuna jiwe. Nusu moja mke wangu anazuilia mlango.

Kijiwe_Changu
Sawa dada. Kuna kisukuku, kimejiviringa kama pembe ya kondoo, ukubwa wa sahani, kwenye yale ya kijivu. Nimeshachimba pembeni yake mpaka mkono unaingia hadi begani, juu yangu kuna jiwe limetokeza hivi. Jumamosi naenda kukitoa na mtoto wa dada yangu, ana miaka 12, mkono wake mwembamba unapita. Kabla hamjaanza: nyundo nimeshanunua, helmeti ipo moja atavaa yeye, na mtoto nimeshamwahidi.

Mama_Wawili
Ujomba gani huo jamani?? Mtoto wa mwenzio unamwingiza kwenye shimo kwa sababu mkono wake mwembamba! Watu wa siku hizi hawana hofu ya Mungu.

Mzee_wa_Tabaka
Pembe ya kondoo hiyo ni amoniti, kiumbe wa bahari wa zamani aliyegeuka jiwe. Lakini sikia, Mary Anning, mtafuta visukuku wa Lyme Regis, Uingereza, alikulia kwenye majabali ya hivyo, alikuwa anayajua kuliko sisi sote humu, na mwaka 1833 yakaporomoka mbele ya macho yake yakamuua mbwa wake Tray. Okota yaliyokwishadondoka ufukweni, mawimbi yameshakuchimbia bure. Na kwa shimo hilo, jiwe lililotokeza umeliondolea mguu wa kusimamia.

Kijiwe_Changu
Mzee lile jiwe nimelisukuma kwa mikono miwili halikutikisika.

Bamvua
Chai hii. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, zidisha kwa siku saba unapata karibu saa sita. Kama Jumamosi iliyopita yalikupwa saa sita mchana, Jumamosi hii muda huohuo yamejaa yanapiga ukuta. Mtu aliyefika kweli na kukaa pale anachimba hawezi kusema "muda uleule". Umekaa kitandani unatutungia.

Bwana_Kobe
Nilijua tu 😂 mimi nimeshatoa na ushuhuda wa yai langu. Picha iko wapi?

Kijiwe_Changu
Picha ziko kwenye simu ya mtoto. Na mimi si mtu wa pwani, nilijua maji yana saa yake kama basi.

Bwana_Kobe
Simu ya mtoto ambaye Jumamosi iliyopita hakuwepo?

Kijiwe_Changu
Alikuwepo. Alikaa juu ya mwamba ananipigia picha.

Mama_Wawili
Sasa sijui niombe iwe chai au nini.

Bamvua
Mimi naomba iwe chai. Maana kama ni kweli, huyu na mtoto wake wangekuwa ndani ya shimo lile maji yanaingia.

Kijiwe_Changu
Na Jumapili je?

Bamvua
Jumapili yanajaa kama saa sita na nusu. Kaka umesikia tulichosema kuhusu lile jiwe lakini?

Dada_Kokoto
Dada yako yumo humu jukwaani? Nataka kumtag.

Kijiwe_Changu
Hayumo. Na naombeni asijue kwanza.