Vipepeo Arabuko Sokoke: twende saa ngapi na watoto?

MamaPacha
Habarini wadau. Naomba msaada kwa wanaoujua vizuri msitu wa Arabuko Sokoke, ule wa kati ya Kilifi na Malindi. Mwezi wa pili watoto walipofunga ile likizo fupi niliwapeleka, wana miaka 8 na wanapenda vipepeo kupita kiasi, hata katuni hawaziulizi. Tulitoka Mtwapa usiku usiku tukafika saa 12 na nusu asubuhi maana kila mtu aliniambia msituni ni alfajiri. Basi tumetembea masaa mawili, vipepeo tumeona kama watano hivi, wote juu kwa juu, huyo wa kike akalia njia nzima ya kurudi. Sasa Agosti inakuja na nimewaahidi tutarudi. Shida ni saa, ni msimu, ama sisi ndio hatujui kuangalia? Na mbali na vipepeo kuna wanyama gani mtoto anaweza kuwaona kwa mguu?

MzawaWaGede
Mama Pacha pole sana kwa hiyo safari, na nakupongeza kwa kuwatoa watoto nje. Mimi nimezaliwa kijiji kinachopakana na huo msitu na shangazi yangu amefuga vipepeo miaka mingi kwa ule mradi wa Kipepeo pale kwenye magofu ya Gede, kwa hiyo nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu.

Kwanza saa. Alfajiri ni ya ndege. Kipepeo hana joto lake mwenyewe, lazima aote jua kwanza ndio mabawa yafanye kazi, saa 12 na nusu bado amejibanza chini ya jani na utampita hivi hivi. Anza kutembea saa 3, saa 4 mpaka saa 6 ndio wamechangamka. Jua likijificha nyuma ya wingu utashangaa wote wamepotea, usiondoke, simameni mngoje, likitoka tu wanarudi.

Pili msimu. Februari ni kaskazi, kiangazi kikali, majani yamekauka na kiwavi hana cha kula. Mvua kubwa ya Aprili mpaka Juni ikishapita ndio msitu unajaa, Agosti bado kuna ukijani mzuri, kwa hiyo hapo umechagua vizuri.

Tatu, na hii ndio shangazi alinifundisha nikiwa mdogo: usimtafute kipepeo, tafuta anachokitaka. Kuna wanaotaka maua, sawa, lakini angalia tope. Penye kidimbwi kinachokauka njiani utawakuta wamekaa kumi ishirini pamoja wananyonya, karibu wote ni madume, wanafuata chumvi chumvi iliyo kwenye udongo. Angalia pia mavi ya ndovu yakiwa mabichi, wale wakubwa wenye mbio, wanene wa kifua, hawana habari na maua kabisa, wao ni mavi na matunda yaliyooza na utomvu wa mti uliojeruhiwa. Wakishaanza kunyonya unaweza kuwasogelea mpaka hatua mbili, ila polepole na kivuli chako kisiwapitie.

Na upande wa miti ya mirihi, kule kwenye mchanga mweupe, miti imeachana na jua linafika chini, kwa vipepeo ni pazuri kuliko kule kwenye kichaka kizito.

Bi_Rehema
Naunga mkono yote ila ongezeni: suruali ndefu ziingizwe kwenye soksi. Siafu hawana mchezo na kupe wapo. Na chukua mwongozaji pale stesheni ya msitu ya Gede, usiingie peke yako na watoto, ndovu wa humo wanajificha vizuri sana.

Kombo_Muheza
Nawasalimu kutoka Tanga. Mdau wa Gede kaeleza vizuri mpaka raha. Nyongeza yangu ni kwamba na sisi huku Amani, Usambara Mashariki, kuna watu wanafuga vipepeo hivyo hivyo, anakamata jike msituni, anamweka kwenye kibanda cha neti pamoja na mmea wake, jike anataga, viwavi wanalishwa mpaka wanakuwa pupa, yaani kiwavi aliyejifungia kwenye ganda, na pupa ndizo zilizokuwa zinauzwa kwenda Ulaya na Marekani kwenye zile nyumba za vioo za maonyesho. Ugumu ni kwamba kila aina ina mmea wake, ukikosea jani kiwavi anakufa njaa huku majani yamemzunguka. Ndio maana mfugaji wa vipepeo anaijua miti ya msituni kuliko mtu yeyote, na ndio maana hataki ikatwe. Mwaka 2016 serikali yetu iliposimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi hawa wafugaji nao waliguswa, iliniuma sana maana kuna watu walisomesha watoto kwa pesa za hizo pupa.

Ukija Tanzania siku moja Mama Pacha pitia Muheza upande Amani. Kuna vinyonga wa kila namna, na yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu wanayapanda kwenye vyungu madirishani, asili yake moja ni hii milima yetu.

Baharia_Kilifi
Swali kidogo. Nyumbani tuliambiwa ule unga wa kipepeo ukiingia jichoni unapofua. Kuna ukweli? Maana wanangu wanawashika.

MzawaWaGede
@Baharia_Kilifi hapana kaka, shangazi kashika maelfu na anatunga sindano bila miwani. Ule unga ni magamba madogo madogo yaliyopangwa kwenye bawa kama makuti ya paa, hiyo ndiyo rangi unayoiona. Yakishatoka hayaoti tena, kwa hiyo anayeumia ni kipepeo. Wafundishe kuangalia bila kushika.

TichaWaSayansi
Mama Pacha mimi nafundisha msingi na kila mwaka natoka na watoto. Ushauri wangu, usiwape kazi ya kujua majina, wape kazi ya kutafuta mambo yanayodanganya. Kuna kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi na vidoa vyeupe, yuko kila mahali hata kando ya barabara. Kiwavi wake anakula mimea yenye maziwa meupe, ile sumu inabaki mwilini, ndege akimwonja anatema. Sasa kuna kipepeo mwingine kabisa ambaye jike lake limevaa nguo hiyo hiyo na halina sumu hata tone, linajificha nyuma ya jina la mwenzake. Na dume la huyo mwigaji halifanani na jike lake hata kidogo, ni jeusi na lina madoa makubwa meupe yenye mzunguko wa zambarau-bluu likipigwa na jua. Watoto ukiwaambia hilo wanaangalia kila kipepeo mara mbili.

Na kabla ya safari anzeni nyumbani. Kama jirani ana mndimu, geuzeni majani machanga. Kuna viwavi wadogo wanaofanana kabisa na kinyesi cha ndege, wakikua wanageuka kijani. Mguse taratibu na kijiti, atatoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa na harufu kali, anakutisha. Huyo akitoka ndiye yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Mweke kwenye chupa pana yenye kitambaa juu, umpe majani mabichi ya ndimu kila siku.

Kuhusu wanyama, waombe watoto watafute sengi. Ana pua ndefu kama mkonga mdogo, uzito kama nusu kilo, na makalio ya rangi ya dhahabu utadhani kapakwa, na karibu wote waliobaki duniani wako hapo hapo Arabuko. Anakaa penye majani makavu mengi. Mara nyingi utamsikia kwanza, akishtuka anapigapiga mkia kwenye majani huku anakimbia, kwa hiyo kila hatua ishirini simameni nyamazeni.

MamaPacha
Jamani mrejesho, samahani nimechelewa. Tulienda Jumamosi. Tumeingia saa 3 na nusu na mwongozaji, mzee mmoja mpole sana, nikamwambia hatuna haraka. Kulikuwa na mawingu, tumekaa kwenye gogo karibu nusu saa tukila mahamri, watoto wameshaanza kuniangalia vibaya, jua likatoka na kichaka kilichokuwa kimya kikaanza kutembea, sijui niseme vipi, kama mtu kakung'uta kanga. Kwenye kidimbwi kimoja tumehesabu 23, weupe na wa njano, tumelala kifudifudi wote watatu kwenye mchanga kuwaangalia na hakuna aliyeruka. Lile dume jeusi lenye zambarau tumeliona pia, ticha asante, binti ndiye aliyelitambua kabla hata ya mwongozaji.

Sengi tumemsikia tu, tap tap tap kwenye majani, kijana anaapa kaiona ile dhahabu, dadake anakataa, ubishi umefika mpaka Mtwapa.

Kwenye mndimu wa jirani tumepata viwavi wanne. Wawili wameshakuwa pupa tangu juzi, wamejifunga kwa uzi mmoja kwenye kijiti. @MzawaWaGede naomba umuulize shangazi, niwaache hapo jikoni ama niwatoe barazani penye hewa? Na ni siku ngapi?

MzawaWaGede
Nimempigia sasa hivi. Anasema barazani, kivulini, mbali na sisimizi, na usikate kile kijiti. Kwa kawaida wiki mbili hivi, ukiona ganda limekuwa jeusi na madoa ya njano yanaonekana ndani basi kesho yake asubuhi waamshe watoto mapema.