Kijana wangu wa miaka 16 amejifungia ndani, naomba ushauri nimpeleke wapi

Mzee wa Pembejeo (Jumatano, saa 3:40 usiku)

Habari za usiku wakuu. Sijawahi kuanzisha uzi humu, huwa napita kusoma tu, lakini leo nimeona nisipouliza nitapasuka.

Nina mtoto wa kiume, miaka 16, kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Morogoro mjini. Ndiye wa kwanza. Mpaka mwaka jana, nikifunga duka nakuta ameshachota maji, ameshawasongea wadogo zake ugali, na yeye yuko uwanjani. Tangu likizo ya Juni amebadilika. Akitoka shule anaingia chumbani anapiga komeo. Chakula anakigusa tu. Usiku wa manane nikienda msalani naona mwanga wa simu chini ya mlango. Asubuhi haamki, na nikimkaripia ananitazama kama mtu aliye mbali sana. Mwalimu wa darasa ameniita mara mbili. Mara ya kwanza utoro. Mara ya pili alinionyesha karatasi ya mtihani wa hesabu, tupu, ina jina tu juu. Hesabu ndilo somo alilokuwa anaongoza.

Nilidhani bangi. Nimepekua begi, mifuko, chini ya godoro, sikuona kitu. Mama yake akasema malaria. Tukaenda hospitali moja binafsi, wakapima malaria, taifodi na mkojo, wakamtundikia dripu mbili, wakampa vitamini, tukarudi na bili. Hakuna aliyemuuliza neno. Mama yangu mzazi yeye anasema mtoto amechezewa, anataka tumpeleke kwa mtu wake huko Ifakara. Nyumba imegawanyika.

Kizuri nilichokiona wiki hii ni kimoja. Jumapili alichukua njumu zake akampa mtoto wa jirani. Njumu alizozililia mwaka mzima. Alizisugua kwa mswaki, akazifunga kamba vizuri, akampelekea mwenyewe. Nikasema labda roho inaanza kurudi.

Naomba kujua, mtu kama huyu anapelekwa kwa nani? Nasikia kuna mshauri nasaha, mwanasaikolojia, daktari wa akili. Nani ni nani? Na nikitaja Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, si nitakuwa nimemuandikia mwanangu ukichaa maisha yake yote?

Sista Zamu ya Usiku (saa 3:58)

Shikamoo baba. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mwaka wa 11 sasa. Naomba usome hili kwanza, hayo ya nani ni nani tutaongea baadaye.

Hizo njumu. Kijana aliyekosa usingizi, hamu ya kula na hamu ya mpira, halafu anagawa kitu anachokipenda kuliko vyote: wodini hatuhesabu hiyo kuwa nafuu. Inaweza kuwa kuaga. Huenda nimekosea na naomba iwe hivyo, ila usikae kusubiri uhakika.

Jina lako humu linasema pembejeo. Kama pale nyumbani kuna viuatilifu, sumu ya panya au dawa ya kuogeshea mifugo, hata kwenye stoo yenye kufuli, vitoke usiku huu. Kuvificha hakutoshi, vitoke kwenye kiwanja. Na vidonge vya mama na vya bibi pia. Mawazo haya huja kama wimbi, na wimbi kali mara nyingi halidumu. Kinachoamua ni kilicho karibu na mkono dakika hizo. Sri Lanka walipozuia viuatilifu vikali zaidi kuanzia miaka ya 1980 na 1990, vifo vya kujiua viliporomoka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Matatizo ya watu hayakuisha, sumu ndiyo iliyokuwa mbali.

Ukimaliza, muulize, na neno lenyewe ulitaje bila kuzunguka: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unampa wazo. Humpi. Wengi wanapumua wanapoulizwa. Kaa naye chini, usiulizie mlangoni. Akikubali, usipaze sauti, usimuulize amekosa nini. Mwambie umemsikia, na usiku huu alale karibu na mtu. Akisema anajua atafanyaje au lini, usingoje kupambazuke, mpeleke idara ya dharura ya hospitali ya rufaa ya mkoa saa hiyo hiyo.

Mzee wa Pembejeo (saa 4:03)

Marahaba mwanangu. Stoo iko ukuta mmoja na chumba chake. Naenda.

Kamanda 74 (saa 4:20)

Mkuu, tusiwadekeze watoto. Sisi tulilala njaa, tulichapwa, na hakuna aliyejifungia chumbani. Mnyang'anye simu, mtoe jogging saa kumi na moja alfajiri, baada ya mwezi utaona.

Binti wa Mwaka 2003 (saa 4:41)

Kamanda, nakuheshimu kama mzee wangu, ila nilikuwa mtoto huyo. Nilikuwa kidato cha pili. Baba alininyang'anya simu na kunichapa kwa sababu nilishuka kutoka nafasi ya 4 hadi ya 61. Simu ndiyo ilikuwa na rafiki pekee aliyejua hali yangu. Mjomba wangu mmoja alilala njaa kama ninyi, na alijiua mwaka 1998. Nyumbani ikasemwa ni tumbo. Kwa hiyo na enzi zenu walikuwepo, ni kwamba hawakutajwa.

Baba mwenye uzi, nikueleze kwa ndani ilivyokuwa. Sikuwa na huzuni ya kulia. Nilikuwa mzito. Kuoga ilikuwa kazi ya kupanga siku nzima. Nilisikia mama akiita, nataka kuitika, sauti haitoki. Waliponiita mvivu niliwaamini. Nilianza kupata njia siku shangazi alipoingia, akakaa sakafuni, hakuuliza kitu, akaanza kumenya viazi humo humo chumbani. Alifanya hivyo siku tatu. Ya nne nikaongea.

Mzee wa Pembejeo (Alhamisi, saa 11:15 alfajiri)

Sijalala. Dawa zote nimezihamishia dukani kwa bodaboda, safari mbili. Kisha nikaenda nikagonga. Nilikaa kitandani kwake kama nusu saa nashindwa kulitamka lile neno. Nilipolitamka hakushtuka. Aliangalia ukuta akasema, "Siku nyingi tu baba." Nikamuuliza kama anajua atafanyaje. Akasema aliwahi kuifikiria stoo, ila leo amechoka tu.

Nimelala sakafuni kwake, mlango wazi. Mama yake ndiyo kwanza nimemwambia. Leo duka halifunguliwi. Nikifika hospitali nianzie dirisha gani? Na wakiandika hivyo, polisi hawataingia? Nilisikia ni kosa la jinai.

Sista Zamu ya Usiku (saa 11:32)

Umefanya kazi kubwa baba. Nendeni leo hii, msingoje wiki ijayo. Mapokezi sema unataka kitengo cha afya ya akili, hospitali za rufaa za mikoa zinacho. Wakikuambia siku ya kliniki ni nyingine, usigeuke. Sema wazi: "Mtoto ana mawazo ya kujiua." Maneno hayo yanakupitisha kwenye dharura. Ukisema "hana raha" utapewa vitamini tena.

Wakili wa Mtaani (saa 12:10 asubuhi)

Kuhusu polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinamhusu aliyejaribu kujiua. Kumwambia daktari unachowaza si kosa. Ongea bila hofu. Binafsi naona kifungu hicho kingefutwa, maana kinawaziba watu midomo pale wanapohitaji kusema.

Mzazi wa Eldoret (saa 1:05)

Pole sana mzazi mwenzangu. Huku kwetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu chetu cha 226 kinakiuka katiba. Msichana wangu alipitia haya akiwa shule ya upili. Mtoto akishindwa kuongea nawe, kuna namba 116, ni ya bure na ni ya watoto, kwenu Tanzania inafanya kazi na kwetu pia. Wangu alianza kwa simu, ndipo akakubali kuonana na mtu.

Mama Nuru (saa 2:30)

Nipo ustawi wa jamii, nikujibu ya nani ni nani. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, anachunguza na anaandika dawa. Ni wachache mno, wengi wako kwenye hospitali kubwa: Muhimbili, Mirembe, KCMC, Bugando, Mbeya. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa, kazi yake ni tiba ya mazungumzo. Kwenye hospitali nyingi za mkoa utakayekutana naye ni muuguzi au tabibu aliyesomea afya ya akili. Usimdharau, ndiye anayebeba mzigo wa nchi hii. Mshauri nasaha ni neno pana, linambeba aliyesoma miaka minne chuoni na aliyehudhuria semina ya wiki moja. Kwa hiyo huyo muulize bila aibu: umesomea wapi, umeshashika vijana wa umri huu, na ukizidiwa unampeleka kwa nani. Asiye na jibu la swali la tatu, muage.

Tiba ya mazungumzo watu wanaidhania mawaidha. Ni kazi yenye mpango. Mara nyingi ni kikao kimoja kwa wiki, dakika 45 mpaka saa, kwa miezi miwili, mitatu au zaidi. Kijana anajifunza kulikamata wazo, mfano "mimi ni mzigo kwa baba", kulipima kama ni kweli, na kurudi polepole kwenye vitu alivyoviacha. Anapewa na kazi ya nyumbani. Na kitakachokuuma wewe mzazi ni kwamba utakaa nje. Wanayoongea hutaambiwa, isipokuwa pakiwa na hatari. Usimpeleleze njiani.

Mirembe nayo, ni jina letu la kutukanana tangu utotoni, najua. Lakini watu wanaenda kliniki pale asubuhi na jioni wako kwao. Shirika la Afya Duniani linasema mmoja kati ya kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwenye darasa la mwanao lenye wanafunzi 50, fanya hesabu.

Mzee wa Pembejeo (Jumamosi, saa 2:15 usiku)

Wakuu, narudi. Tulikwenda. Dirisha la kwanza walitaka kutupangia Jumanne, nikasema yale maneno kama sista alivyonielekeza. Tukapelekwa kwa tabibu mmoja wa kike. Alinitoa nje, akakaa naye dakika 50, nilikuwa natazama saa ya ukutani. Kisha daktari. Wamesema ni sonona (depression). Wameanza na fluoxetine, kidonge kimoja asubuhi, na Jumanne ndiyo anaanza vikao. Wameniambia dawa inachukua wiki nne mpaka sita kuonekana, na wiki hizi za mwanzo ndizo za kumkazia macho zaidi kwa sababu mawazo yanaweza kuzidi kabla hayajapungua. Vidonge nakaa navyo mimi.

Kilichomwanzia sijakijua chote. Amenigusia kidogo tu, kuna kundi la simu la darasa lao na picha yake iliyochezewa. Sikumhoji zaidi.

Leo ameoga bila kuambiwa. Nilisikia ndoo, nikakaa kimya.

Sasa mama yangu. Amenuna, anasema tunamlisha mtoto dawa za vichaa, na nauli ya Ifakara ameshaiweka pembeni. Siwezi kumvunjia heshima, na siwezi kumpeleka mtoto huko. Na zile njumu, nizifuate kwa jirani?

Binti wa Mwaka 2003 (saa 2:50)

Bibi usishindane naye. Mwombe asindikize Jumanne. Wangu alikuwa hivyo hivyo mpaka daktari alipomuuliza, "Bibi, wewe ndiye uliyemlea, ulianza kuona nini?" Akaeleza mambo ambayo mama hakuyaona. Akitaka kumuombea mjukuu, amuombee hapo hapo nyumbani, mtoto akiwa anameza dawa zake. Tafadhali asipelekwe kulala kwa mtu yeyote mbali na macho yako kwa sasa.

Sista Zamu ya Usiku (saa 3:05)

Naunga mkono, bibi aende. Njumu usizifuate. Muulize mwenyewe kama anazitaka, na akisema hapana usibishe.

Jumanne fikeni mapema kabla foleni haijajaa. Bebeni kadi na pakiti ya vidonge vilivyobaki. Siku yoyote asipomeza, au akikosa utulivu ghafla, asilale, aanze kutembeatembea usiku, usingoje Jumanne, rudini. Na wewe baba, umelala lini mara ya mwisho? Leo mpe mama yake zamu ya sakafuni.