Harusi ya watu 80 bila mkopo: tuanzie wapi?

Kijana_wa_Njoro: Habari za jioni. Tunaoana Agosti. Kamati imeleta bajeti ya shilingi 760,000: magari sita, keki ya ghorofa tano, video ya droni. Akiba yetu ni 190,000, na pengo tumeambiwa tulizibe kwa mkopo wa sacco. Mimi na mchumba tumekataa. Tunataka watu 80, chai na pilau, basi. Kwao mchumba ni Ahero, kaunti ya Kisumu. Naomba hatua za kisheria, vipimo vya chakula na namna ya kuwaambia wazee. "Usijali maneno ya watu" nimeisikia ya kutosha.

Karani_Mstaafu: Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 haidai hema wala keki. Ndoa ya serikali inataka notisi kwa msajili wa ndoa siku 21 au zaidi kabla ya siku yenyewe, lakini isizidi miezi mitatu. Ikipita hapo unaanza upya. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Notisi inatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ya ndoa mnahitaji mashahidi wawili, nao waje na vitambulisho.

Kinachokwamisha wengi ni majina. Kitambulisho kina majina matatu, cheti cha kuzaliwa kina mawili, herufi moja imeruka. Linganisheni karatasi zote leo, si wiki ya harusi, maana hati ya kiapo ya kusahihisha jina inakula siku.

Mkiamua kimila, pelekeni taarifa kwa msajili ndani ya miezi mitatu baada ya kukamilisha mila. Na kwa wanaodhani ndoa ya kimila haipo mpaka ng'ombe waishe: sheria hiyohiyo inasema mahari kidogo ya ishara yatosha kuithibitisha.

Mpiga_Hesabu: Pengo lako ni 570,000. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, salio likipungua, miezi 36, utalipa karibu 18,930 kila mwezi, na riba peke yake itapita 111,000. Tena akiba yako inafungwa, na wadhamini wako nao hawagusi zao. Usitegemee ahadi za kundi la WhatsApp pia. Mwenye hema hapokei ahadi, anataka arubuni. Hesabu tu iliyokwisha kuingia.

Mama_Sufuria: Watu 80, pika wa 100. Pilau: kilo moja ya mchele kwa watu wanane, kwa hiyo kilo 12 na nusu, nyama kilo 10 hadi 12. Gawanya sufuria mbili au tatu. Ukirundika wote kwenye moja, wa chini unalemewa unakuwa bokoboko, wa juu bado una kiini. Nyama ichemshwe mapema, supu yake ndiyo maji ya mchele.

Chai: lita 40, nusu maziwa, majani gramu 200 hivi, sukari kilo mbili na nusu. Mandazi: kilo moja ya unga hutoa kama 20, basi kilo 10 ukitaka mawili kwa kila mtu. Yakaangwe asubuhi hiyohiyo. Ya jana huwa magumu na watu watayasema mpaka Krismasi.

Nyar_Ahero: Shemeji, hao 80 ni ndoto ikiwa sherehe itafanyika nyumbani Ahero. Kijijini hakuna kadi, jirani akisikia wimbo anakuja, na kumrudisha ni matusi. Ama ufanyie kwenye ukumbi wa kanisa siku ya Ijumaa, ama upike wa 150.

Kwa wazee usitume bajeti. Mtume jagam, yaani mshenga wa Kijaluo, au mjomba, aende kwanza kwa upande wa mama. Punguza droni, punguza magari, lakini ayie, ile zawadi ya mama mkwe ya kukubali ndoa, usiiguse. Hiyo ikipungua hawataiita harusi ndogo, wataiita dharau. Pia mpe kila upande idadi kamili ya wageni, tuseme 30 kwa 30, na 20 za marafiki, kisha wenyewe wachague majina. Ukichagua wewe, lawama zote zako.

Kijana_wa_Njoro: Asanteni sana. Wazazi wanataka kanisani. Je, bado tupite kwa msajili?

Karani_Mstaafu: Si lazima mfunge ndoa mara mbili, bora mchungaji awe na leseni ya msajili ya kufungisha ndoa. Mwombe muione, bila haya. Asipokuwa nayo mtaimbiwa, mtalishana keki, na karatasi isipatikane. Hilo hujitokeza wakati wa kutafuta pasipoti au kugawana urithi.

Mama_Sufuria: Nimesahau: mchele wa Ahero ununue wote duka moja, na upike kilo moja ya majaribio kwanza. Ukichanganya wa msimu uliopita na mpya, mmoja unaiva huku mwingine unavurugika, na hapo hata supu nzuri haikuokoi.