Nebraska Cornhuskers: ofisi inaiua hii timu toka 2003 na hakuna anayewajibika

Wakuu salama humu? Najua wengi wenu ni watu wa soka, mpira wa Kimarekani mnaupita tu, lakini tuko Waswahili wa kutosha huku Omaha na Lincoln, na ukiishi jimbo hili huwezi kuikwepa hii Cornhuskers, timu ya chuo kikuu cha Nebraska, hata ukitaka. Watu milioni 2 tu jimbo zima, hakuna timu ya NFL (ligi ya kulipwa ya mpira huu), hakuna ya NBA, ipo hii moja tu. Siku ya mechi Memorial Stadium ikijaa, uwanja peke yake unakuwa kama mji wa tatu kwa ukubwa baada ya Omaha na Lincoln yenyewe. Tiketi zinaisha kila mechi ya nyumbani toka Novemba 1962, mechi zaidi ya 400 mfululizo. Sasa watu wenye mapenzi ya namna hiyo ndio wanaofanyiwa huu upuuzi, na leo nina hasira na sitaki kuambiwa nipoe.

Nianze na vijana ambao wanaona Nebraska inapigwa kila mwaka wanadhani ndivyo ilivyo toka zamani. Hapana. Hii timu ina ubingwa wa taifa mara 5: 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997. Tom Osborne alikaa kocha misimu 25, akashinda mechi 255 akafungwa 49 sare 3, na katika misimu yote hiyo hakuna hata mmoja alioshinda chini ya mechi 9. Hata mmoja! Ile timu ya 1995 ilikuwa inakimbia na mpira karibu yadi 400 kwa mechi, ushindi wao mwembamba kuliko wote msimu mzima ulikuwa wa pointi 14, na fainali wakaichapa Florida 62-24. Kuanzia 1993 mpaka 1997 walicheza mechi 63 wakafungwa 3 tu.

Na haikuwa bahati, ndio kitu kinachoniuma. Nebraska haina vijana wengi wa mpira, haina bahari, baridi yake mnaijua, kwa hiyo wale wazee walitengeneza njia yao wenyewe. Mwaka 1969 walimpa kijana anaitwa Boyd Epley kazi ya kusimamia chumba cha vyuma wakati vyuo vingine makocha walikuwa bado wanaamini kunyanyua vyuma kunamfanya mchezaji awe mzito. Wakachukua watoto wa mashambani, majitu marefu mapana yaliyokulia kwenye mahindi na ng'ombe, wengine hata skolashipu hawana wanajilipia ada wenyewe, wanaitwa wokoni, wanakaa miaka 3 au 4 wanajengwa taratibu ndipo wanaingia uwanjani wakiwa watu wazima. Safu ya mbele ikiwa tayari, kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, anakimbia nayo pembeni na mpira mkononi, anasubiri mpaka sekunde ya mwisho ndio aamue anaenda mwenyewe au anamrushia mwenzake, na beki wa upande wa pili hajui akamate nani. Ukicheza na Nebraska ya wakati ule robo ya nne ilikuwa mateso, unajua mpira unakuja wapi na huwezi kuuzuia, mwili umeshachoka kusukumwa.

Sasa sikieni walichofanya. Osborne alistaafu baada ya msimu wa 1997 akamwachia Frank Solich, msaidizi wake wa miaka mingi. Solich akachukua ubingwa wa Big 12, ligi ya vyuo tuliyokuwemo wakati ule, mwaka 1999, na hapo naomba msome taratibu: huo wa 1999 ndio ubingwa wa ligi wa MWISHO tuliobeba. 2001 akatufikisha mechi ya ubingwa wa taifa, tukafungwa na Miami 37-14. 2002 ikawa mbaya kweli, ushindi 7 kufungwa 7, sikatai, ila jamaa hakukaa kimya, alibadilisha benchi lake la ufundi akaleta watu wapya, 2003 akarudi akashinda 9 akafungwa 3, mechi ya mwisho akaifunga Colorado. Kesho yake wakamfukuza. Kesho yake! Mkurugenzi wa michezo Steve Pederson akatuambia hatakubali timu ishuke iwe ya kawaida. Halafu kumbe hana mtu mkononi, akazunguka zaidi ya mwezi mzima kutafuta kocha, ndipo Januari 2004 akaja na Bill Callahan ambaye alikuwa anafundisha Oakland Raiders kwenye NFL.

Callahan akaja na mchezo wa kurusha pasi, ule wa NFL, kwa vijana walioletwa kukimbia. Yaani kikosi kizima kilijengwa kwa kazi moja halafu unakipa kazi nyingine kabisa. Msimu wake wa kwanza tukapigwa 70-10 na Texas Tech, tukamaliza 5-6, msimu wa kwanza kupoteza mechi nyingi kuliko tulizoshinda toka 1961, na boli, ile mechi ya heshima ya mwisho wa msimu, hatukwenda baada ya kwenda miaka 35 mfululizo. 2007 Kansas, Kansas jamani, ikatupiga 76. Pederson alikuwa ameshaondolewa Oktoba ile, na Callahan akafuata msimu ulipoisha, lakini hasara ilishaingia, kwa sababu ule ujuzi wa kujenga safu ya mbele, wale makocha waliokaa pamoja miaka na miaka, walishatawanyika. Solich mwenyewe alikwenda Ohio, chuo kidogo, akatulia, akawa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya ligi ya MAC. Huyo ndiye tuliambiwa hafai.

Mngedhani tulijifunza. Akaja Bo Pelini 2008. Mkali, mdomo mchafu, anagombana na waamuzi, mimi mwenyewe tabia zake zilikuwa zinanikera, lakini kila msimu kati ya misimu yake 7 alishinda mechi 9 au 10. 2009 tulikuwa sekunde MOJA kutoka ubingwa wa Big 12, waamuzi wakairudisha ile sekunde kwenye saa, Texas wakapiga mpira kati ya milingoti wakatufunga 13-12. Ni kweli alikuwa na vipigo vya aibu, 70-31 na Wisconsin fainali ya Big Ten, ligi yetu ya sasa, 2012, na 2014 Wisconsin hao hao walikuwa na Melvin Gordon akatukimbilia yadi 408 kwa robo tatu tu. Sasa angalia: 2014 Pelini anamaliza na ushindi 9 kufungwa 3, mechi ya mwisho anaifunga Iowa, na siku mbili baadaye anafukuzwa. Rekodi ile ile ya Solich, 9-3, kosa lile lile, mkurugenzi mwingine. Wakamleta Mike Riley kutoka Oregon State, mzee mstaarabu sana, miaka 3 akashinda 19 akafungwa 19.

Kila nikiongea haya watu wananiletea kisingizio cha mahali. Eti tulipohamia Big Ten 2011 tukapoteza Texas tulikokuwa tunachukua vijana, eti vyuo vyote siku hizi vina vyumba vya vyuma, eti skolashipu zilipunguzwa zikawa 85, eti nani anataka kuja kwenye baridi. Sikatai kwamba hayo yapo na yameumiza. Lakini jirani yetu Iowa yuko wapi? Yuko hapo hapo ng'ambo ya mto Missouri, mahindi yale yale, baridi ile ile, vijana wale wale. Kirk Ferentz kachukua Iowa 1999, msimu wa kwanza kashinda mechi 1 kafungwa 10, wa pili kashinda 3 kafungwa 9. Huku kwetu angeondoka na mabegi yake. Iowa walimwacha ajenge, na mpaka leo ninapoandika ni yeye yuleyule. Sisi toka 1999 tuna Solich, Callahan, Pelini, Riley, Frost, Rhule, ukiacha wale wa muda. Mwaka mmoja baada ya sisi kumfukuza Pelini, Iowa walimaliza mechi zao 12 za kawaida bila kufungwa. Na wametufunga miaka 7 mfululizo kuanzia 2015 mpaka 2021, halafu 2023 na 2024 wakatufunga 13-10 mara zote mbili kwa mpira uliopigwa kati ya milingoti dakika za mwisho kabisa.

Na Wisconsin ndio inaniuma zaidi, maana ile timu iliyokuwa inatupiga aliijenga Barry Alvarez, na Alvarez alicheza Nebraska chini ya Bob Devaney, kocha wetu kabla ya Osborne! Alichukua yale yale ya kwetu, wokoni, majitu ya safu ya mbele, kukimbia na mpira bila aibu, akayapeleka Madison kwa Wisconsin, akawa anatupiga nayo sisi tulioyatupa. Hivi kuna uongozi gani unaoweza kuliona hilo kwa macho miaka 10 ukaendelea kuajiri watu wa kurusha rusha pasi?

Scott Frost nitamsema kwa kifupi kwa sababu nikiendelea nitaharibu siku yangu. Mtoto wa nyumbani, kwotabeki wa ubingwa wa 1997, katoka kufundisha chuo cha UCF kule Florida hajafungwa hata mechi moja msimu wa 2017, tulimpokea 2018 kama mkombozi. Kashinda 16 kafungwa 31. 2021 tulifungwa mechi 9 na zote kwa tofauti ya chini ya pointi 10, maana yake vijana walikuwa na uwezo na walikuwa wanapigana, ila kila ikifika dakika za kuamua kunatokea ujinga, mpira wa kupigwa unaharibika, mtu anadondosha, kocha anaamua vibaya. 2022 kule Dublin tunaongoza Northwestern kwa pointi 11, jamaa anaamua kupiga mpira mfupi wa kubahatisha, wanaudaka wao, mechi inageuka tunalala 31-28. Halafu uongozi ukamfukuza Septemba baada ya Georgia Southern kutufunga nyumbani, wakati mkataba ulisema wakisubiri mpaka Oktoba 1 fidia inashuka kutoka dola milioni 15 hadi nusu yake. Wiki tatu tu! Milioni 7 na nusu zimetupwa kwa sababu ya wiki tatu.

Sasa tuko na Matt Rhule. 2023 tukamaliza 5-7. 2024 tukashinda 7, tukaenda boli kwa mara ya kwanza toka 2016 tukaifunga Boston College, watu wakashangilia kama ubingwa, na mimi nilifurahi kabisa. Ila msimu huo huo Indiana ilitupiga 56-7. Indiana! Timu iliyokuwa na historia mbovu kuliko karibu zote za ngazi hii, kocha wao Curt Cignetti ndio alikuwa mwaka wa kwanza kazini, akawapeleka mchujo wa ubingwa mwaka ule ule, 2025 wakabeba Big Ten. 2025 sisi katikati ya msimu wakamwongezea Rhule mkataba mpaka 2032, kuanzia hapo tukafungwa na USC, Penn State 37-10, Iowa wakaja hapa hapa Lincoln wakatupiga 40-16, na Utah wakatumalizia 44-22 kwenye boli. Kitu pekee kilichotubeba msimu ule kilikuwa miguu ya Emmett Johnson, yadi zaidi ya 1,400 za kukimbia na mpira, yaani tulipokuwa tunacheza Kinebraska tulionekana watu. Na toka tuifunge Oregon Septemba 2016, mpaka msimu wa 2025 unaisha, hatujaifunga timu hata moja iliyokuwa kwenye orodha ya 25 bora siku tunacheza nayo.

Kuna watu watasema basi mfukuzeni na huyu. HAPANA. Ndio ugonjwa wenyewe huo. Mimi sitaki Rhule aondoke, nataka alazimishwe kujenga safu ya mbele kwanza kabla ya kukimbizana na makwotabeki wenye majina, nataka wokoni warudishiwe heshima yao, na nataka asiongezewe tena mkataba katikati ya msimu kabla hajashinda mechi yoyote kubwa. Kumbuka Frost naye aliongezewa katikati ya msimu, Novemba 2019, akiwa na ushindi 4 na kufungwa 5. Wakurugenzi wanakuja na kuondoka, makocha wanaowaajiri tunawalipa sisi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama akaeleza alitumia vigezo gani.

Na msituambie mashabiki hatujali. Agosti 2023 watu 92,003 walijaa Memorial Stadium kuangalia voliboli ya wanawake, wakatangaza ni rekodi ya dunia kwa mchezo wa wanawake, kwa sababu ile timu inaongozwa na watu wanaojua wanachofanya na hawaachi misingi yao. Mapenzi tunayo. Pesa ipo. Uwanja upo.

Wale mliopata uraia na mko Nebraska, bodi inayosimamia chuo, wale Regents, wanachaguliwa kwa kura za wananchi, wako 8 kila mmoja na wilaya yake, na Novemba 2026 baadhi ya viti viko kwenye karatasi ya kura. Angalieni wilaya yenu ni ya nani. Mgombea akipita mtaani kwenu au akiitisha mkutano, mumuulize nani aliidhinisha nyongeza ya mkataba wa Rhule mpaka 2032, kwa matokeo gani, na fidia ikoje tukitaka kuivunja. Mimi wa kwangu nimeshamwandikia barua, akijibu nitaiweka hapa.